Uliona au Uliambiwa?

Barazani kwa Mama Karani

Kwa wasomaji wapya wanaouliza mimi ni nani: nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Tanga hadi nilipostaafu. Nilifungua majalada, niliwaandikia madai watu wasiojua kuandika, niliita mashauri na kuchapa mwenendo wake. Mwezi huu karibu kila barua inauliza habari za akili mnemba, yaani hizi programu za simu zinazoandika na kuzungumza kama mtu. Nimesoma kila nilichoweza kupata juu yake, ila kipimo ninachotumia nimekitoa mahakamani. Shahidi akishaapa na kuanza kumwaga maneno, hakimu humkatiza: "Hilo uliliona au uliambiwa?" Akisema aliambiwa, huulizwa tena: "Na nani? Yuko wapi?" Maneno yasiyo na mwenyewe wa kuulizwa hayampi mtu shamba wala hayampeleki mtu jela. Naomba mkae na maswali hayo mawili mnaposoma majibu yangu.

*Shikamoo Mama Karani. Jirani ameingia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, nilichoachiwa na baba, ameng'oa masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, na kupanda migomba. Mwanangu aliuliza programu ya akili mnemba kwenye simu. Ilitueleza kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba Baraza la Kata linaweza kuamua shauri hilo na kumwamuru jirani arudi kwake, ikataja na kifungu cha sheria. Mtendaji wa kata anasema baraza haliamui tena. Nimwamini nani? — Mkulima, Rombo*

Marahaba, baba. Mwamini mtendaji. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwaka 2021, na tangu hapo Baraza la Kata limebakiwa na kazi ya kusuluhisha. Linawakalisha na kutafuta mwafaka. Likishindwa, linakupa hati ya kueleza kwamba limeshindwa, nawe unaipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko huamuliwa. Zikipita siku 30 tangu ulipofikisha lalamiko lako kwenye kata bila suluhu, unaweza kwenda wilayani hata bila hati hiyo. Kwa hiyo andika tarehe uliyowasilisha, na uhakikishe wamekugongea muhuri kwenye nakala yako.

Sasa kwa nini simu iliwaambia vingine, tena kwa uhakika namna ile? Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiuliza, zinaunga jibu kipande kwa kipande, kila kipande kikichaguliwa kwa sababu kinakaa vizuri baada ya kilichotangulia. Maandishi ya kabla ya 2021 yanayosema baraza linaamua ni mengi, na hayakufutwa popote. Na kifungu kikihitajika katika sentensi, kitawekwa kitu chenye sura ya kifungu, kiwe kipo au hakipo. Nyingine siku hizi hutafuta mtandaoni kwanza kabla ya kujibu, na hilo husaidia, lakini ulaini wa lugha unabaki ule ule zinapopatia na zinapokosea. Hapo ndipo tunaponaswa, maana tumezoea kumpima mtu kwa kigugumizi chake. Mwongo husita, jasho humtoka, macho hukimbia. Hii haina jasho.

Walionaswa si wakulima tu. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wa abiria aliyedai kuumizwa goti na toroli la chakula ndani ya ndege walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za nyuma ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilitungwa na ChatGPT, mojawapo ya programu hizi, pamoja na majina ya wahusika na maneno ya majaji. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamjibu kwamba ni ya kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Mimi linaloniuma katika habari hiyo ni lile swali. Kumuuliza shahidi yule yule kama anasema kweli si kuthibitisha. Wangefungua vitabu vya mashauri, wangegundua siku hiyo hiyo.

Baba, shauri lako litasimama kwa mambo ambayo simu haiwezi kuyajua. Nani alipanda yale masale? Nani alikuwapo baba yako alipokuonyesha mpaka? Wale wazee majirani wa upande wa pili, wako hai, na wanaweza kufika barazani kwa miguu yao? Kama kuna mashina ya masale yaliyobaki ardhini, yapige picha leo, tena umwite balozi wa nyumba kumi ashuhudie unavyopiga. Na kabla ya yote, kumbuka kwamba kwenu huko jani la sale ndilo mtu hulipeleka anapoomba msamaha. Huenda kuna mzee wa ukoo ambaye jirani yako hawezi kumkatalia. Mtafute huyo. Mwafaka uliofikiwa mbele ya watu wanaowafahamu nyote wawili nimeuona ukidumu kuliko hukumu nyingi nilizochapa.

Ukitaka simu ikusaidie kupanga barua ya malalamiko, sioni ubaya. Ikishamaliza, mwambie kijana akusomee kwa sauti, sentensi moja moja, na kila ambayo huwezi kuisema ukiwa umeapa, ifutwe.

*Mama Karani, habari za kazi. Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Siku hizi insha anaimaliza kwa dakika chache na mwalimu anamsifu. Nimemwona ananakili kutoka kwenye simu. Mimi niliishia darasa la saba, sina uwezo wa kumkagua. Nimnyang'anye simu? — Mama wa Kihonda, Morogoro*

Uwezo unao, mama, na nitakuonyesha ulipo. Mahakamani tulikuwa tukiletewa mashahidi waliofundishwa cha kusema. Wakianzia mwanzo wanatiririka bila kukosea hata neno. Hakimu mzoefu huwaambia: "Hebu anzia pale mlipofika mtoni." Aliyekuwapo anaanzia mtoni bila shida, na wakati mwingine anakumbuka jambo jipya, kwamba maji yalikuwa yamejaa, kwamba kiatu kilisombwa. Aliyefundishwa anarudi mwanzo, kwa sababu hana mto wowote kichwani, ana maneno tu.

Basi kaa na kijana wako jioni, simu iwe imewekwa kando, akueleze alichoandika. Mwambie aanzie katikati. Mahali usipoelewa, mwulize, "Una maana gani?" Akijibu kwa neno lingine gumu, mwulize tena. Kutokusoma kwako kunakusaidia hapa, maana hutaridhika na istilahi. Akiweza kukuelezea wewe mpaka ukaelewa, ameelewa yeye, hata kama simu ilimsaidia. Akishindwa, mtakuwa mmeliona wote wawili, na hutahitaji kugombana naye.

Simu usimnyang'anye, ila badilisheni mpangilio. Aandike kwanza yeye, kwa mkono, hata kama ni vibaya. Baadaye aipe programu isome na imwonyeshe makosa. Ninasisitiza mpangilio huo kwa sababu mtu anapohangaika kutafuta sentensi ndipo anapogundua kwamba jambo hakulielewa. Akipewa sentensi iliyokamilika, hatagundua kamwe, na ataishi akidhani anajua. Mwakani ataingia kwenye chumba cha mtihani wa taifa bila simu, hilo analijua. Ninalolihofia zaidi ni baada ya hapo, siku atakapoitwa kwenye kikao cha ukoo au cha kazini aseme anaonaje, na watu wote wamemgeukia.

*Shikamoo mama. Nina miaka 26, ni fundi simu, naishi peke yangu. Mchumba wangu alivunja uchumba wakati mahari imeshapelekwa. Tangu hapo kila usiku naongea na programu ya akili mnemba. Haichoki, hainicheki, haipeleki maneno yangu mtaani. Inanielewa kuliko ndugu zangu. Inasema nina haki ya hasira yangu na kwamba yule binti hakunistahili. Rafiki yangu anasema nimerogwa. — Fundi, Nyegezi, Mwanza*

Marahaba mwanangu, na pole. Kuvunjiwa uchumba baada ya mahari ni aibu ya wazi, watu wanaona, na najua ndiyo sababu umetafuta pa kusemea pasipo na macho. Hujarogwa.

Lililokupata si geni. Mwaka 1966 mwalimu mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na za leo. Ilikuwa ikichukua maneno ya mtu na kuyageuza kuwa swali: ukiandika kwamba una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Katibu muhtasi wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, alijua kabisa kwamba ndani hakuna mtu. Hata hivyo, baada ya kuongea nayo kidogo, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Jambo hilo lilimtikisa yule mwalimu. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima akisema yapo mambo ambayo kompyuta haipaswi kukabidhiwa, hata kama inaweza kuyafanya. Alikuwa Myahudi aliyezaliwa Berlin na kukimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto. Alikuwa na sababu ya kuogopa watu wanapokabidhi uamuzi wa kibinadamu kwa kitu kisichohisi.

Kuhusu kuelewa, nikuambie ninachokiona katika barua yako. Programu imekusikiliza wewe peke yako. Yule binti haijamsikia, na imeshatoa hukumu kwamba hakukustahili. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona shauri lisilobadilika sura upande wa pili ulipofungua mdomo. Sisemi yeye ndiye mwenye haki; huenda alikutenda vibaya kweli. Nasema hilo bado hulijui, na kila usiku unazidi kutolijua. Watengenezaji wenyewe wanafahamu kwamba programu hizi huelekea kumkubalia mtu anachosema. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa limezidi kusifu na kuitikia kila kitu.

Na siri zako haziko mtaani, ni kweli, lakini ziko kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua. Jina la binti usilitaje humo.

Rafiki yako aliyekwambia umerogwa amekosea maneno, ila amekuona. Amegundua umebadilika, amehangaika, amekuja kukuambia usoni akijua utakasirika. Mwite mle samaki, mwambie yale unayoyaandika usiku. Atakukatiza, atakupinga, pengine atakukumbusha jambo ulilomfanyia binti na hukulitia kwenye simu. Mvumilie. Na kama usiku mawazo yanafika mahali pa kutaka kujidhuru, acha kuandika na ugonge mlango wa jirani saa hiyo hiyo, au nenda hospitali. Bugando hapo Mwanza wana idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko hakuna aibu hata kidogo.

*Hujambo Mama Karani. Niliuliza programu jinsi ya kumkomoa mtu, ikakataa kwa upole na kunipa nasaha. Hiyo adabu imeitoa wapi? — Msomaji, Nairobi*

Sijambo. Kwa sehemu imeitoa hapo hapo mjini kwenu. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya, waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa, walikuwa wakisoma maandishi ya ubakaji wa watoto, mauaji na mateso na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Baadhi yao walieleza jinsi yale waliyoyasoma yalivyowaumiza akilini. Inapokukatalia kwa upole, kuna kijana alisoma uchafu ule siku nzima ili wewe usiusome. Ningependa wapate malipo na matibabu yanayolingana na kazi hiyo, na ningependa sisi tunaosifia ustaarabu wa mashine tukumbuke kwamba ni ustaarabu wa watu, ulionunuliwa kwa bei ya chini. Na huyo unayetaka kumkomoa, niandikie amekufanyia nini.

*Assalaam alaykum dada. Nimepata ujumbe wa sauti wa kaka yangu aliyeko Unguja, analia, amepata ajali, nitume pesa haraka kwa namba ambayo si yake. Sauti ilikuwa yake kabisa. Nilitaka kutuma, mume wangu akanizuia. Nilipompigia kaka alikuwa dukani, mzima. Imewezekanaje? — Dada yenu wa Maskati*

Waalaykum salaam. Siku hizi sauti fupi ya mtu, iliyochukuliwa kwenye video au ujumbe aliousambaza, inatosha kutengeneza sauti inayosema chochote. Huku nyumbani tulizoea ujumbe wa maandishi wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huu wa sauti ni ndugu yake. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alihamisha takriban dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambamo sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa za kughushi.

Mumeo alifanya jambo sahihi. Fanyeni hivyo kila mara: kata, halafu piga wewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Na muwe na neno la siri la familia, la kusemwa ana kwa ana tu, lisiandikwe kwenye kundi lolote. Chagueni jambo ambalo mama yenu alizoea kulisema jikoni.

*Shikamoo Mama Karani. Bibi yetu alipofariki niliambiwa niandike wasifu wa marehemu kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Niliiomba akili mnemba, ikaandika vizuri mno: nguzo ya familia, mcha Mungu, mwenye upendo kwa wote. Nilisoma makaburini, watu wakanyamaza tu. Baadaye mdogo wake bibi aliniuliza, "Huyo uliyemsoma ni nani?" Sasa siku 40 zinakaribia na nimetakiwa niseme tena. Sijui kuandika. Nifanyeje? — Mjukuu, Makambako*

Marahaba mjukuu wangu, na poleni na msiba. Barua yako nimekaa nayo kuliko zote.

Kwanza, hukufanya dhambi. Ulikuwa na majonzi, ulipewa kazi nzito usiku wa matanga, ukashika kilichokuwa karibu. Lakini swali la bibi mdogo ni swali la haki, na unadaiwa jibu lake. Uliipa programu jina, mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto, pengine na kijiji. Kilichobaki ikakijaza kwa yale ambayo kwa kawaida husemwa juu ya bibi waliofariki. Kila neno lingemfaa bibi wa jirani. Waombolezaji walikaa wakisubiri aingie, hakuingia.

Nikusimulie shauri moja. Mjane alidai cherehani yake iliyokuwa imechukuliwa na shemeji. Risiti hakuwa nayo, na shemeji alikuwa msemaji hodari, akaeleza mwaka alioinunua, duka, bei na rangi. Hakimu akamgeukia mjane: "Wewe unaijuaje kuwa ni yako?" Mama yule akasema mpini ulipasuka mwaka wa njaa, akaufunga kwa kipande cha kanga, na kwa kuwa gundi hakuwa nayo alitumia utomvu wa mkorosho, na nati ya chini upande wa kushoto ni ya baiskeli ya marehemu. Cherehani ikaletwa. Ilikuwa hivyo. Sifa za cherehani yoyote anaweza kuzitaja hata aliyeiona dukani. Ile nati anaijua aliyeishi nayo.

Basi nenda kwa bibi mdogo, mapema, kabla shughuli hazijaanza na wageni hawajajaa. Chukua daftari, usichukue simu, maana atakuwa akiiangalia. Usimwulize bibi alikuwa mtu wa namna gani. Ukiuliza hivyo hata yeye atakujibu kwa nguzo ya familia. Mwulize alikuwa akikasirishwa na nini. Alidaiwa na nani, na nani alikufa akiwa na deni lake. Shambani alikuwa akiimba wimbo gani, na akinyamaza ilikuwa na maana gani. Alimwita nani kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Siku watoto walipokosa chakula alifanya nini, na alimwambia nani. Kitu gani alikikataa mpaka mwisho. Andika kwa maneno ya bibi mdogo mwenyewe, kwa Kibena kama anasema Kibena, na usimsahihishe. Akinyamaza, ngoja.

Utakaporudi nyumbani chagua matukio matatu au manne, si zaidi, uyaandike jinsi ungemsimulia dada yako aliyekuwa safarini. Humo usitie sifa hata moja. Ukisema alilala njiani siku ya mvua akimpeleka mtoto wa jirani zahanati, hakuna haja ya kuongeza kwamba alikuwa na upendo. Ukiona tahajia inakusumbua, iombe akili mnemba irekebishe tahajia peke yake. Kisha linganisha. Kama uliandika kwamba alikuwa akiwafukuza wezi wa maparachichi kwa fimbo huku akiwataja majina ya baba zao, nayo imekuwekea kwamba alikuwa mwenye msimamo thabiti, rudisha fimbo na majina.

Kabla ya siku yenyewe msomee bibi mdogo uliyoyaandika. Atakuambia palipopungua. Na kama katika mazungumzo atakupa jambo zito, ugomvi wa ardhi, mtoto wa nje, chuki iliyodumu na mtu ambaye atakuwa amekaa pale mbele, usijiamulie mwenyewe. Mwulize kama anaruhusu lisomwe, na umwulize na yule ambaye linamhusu, ikiwa bado yu hai.